Dada wa Mtawala: Usawiri wa Mhusika wa Kike katika Michezo ya Njozi na katika Masimulizi ya Maniema

Katika uhakiki wa fasihi ya Kiswahili suala la usawiri wa mwanamke si geni. Tangu Kezilahabi alipotoa *Rosa Mistika* mwaka 1971, na Penina Muhando *Nguzo Mama* mwaka 1982, rafu za maktaba zetu zimejaa tasnifu zinazomchunguza mhusika wa kike kama mama, kama mke mvumilivu, kama malaya, kama mchawi. Nyingi ya tasnifu hizo huishia kwenye kuainisha, na mhakiki akishapata makundi manne au matano hujiona amemaliza kazi. Makala haya yananuia kulitazama suala hilohilo mahali ambapo idara zetu bado zinapaona ni pa watoto, yaani katika michezo ya video ya njozi, ile ambayo mchezaji huvaa uhusika wa shujaa, akatembea katika nchi ya kubuni yenye majoka na waganga, na hatua kwa hatua akajiongezea nguvu, silaha, mali na wafuasi. Tutaiita michezo ya uhusika.

Kilichotusukuma kuandika ni neno moja. Katika semina ya uhakiki tulikuwa tukiujadili mchezo wa *Skyrim*, uliotolewa Marekani mwaka 2011, ambamo mtawala wa mji wa Whiterun humpa shujaa cheo baada ya joka kuuawa, na pamoja na cheo humpa mwanamke askari aitwaye Lydia. Lydia huapa kumtumikia shujaa, humfuata kila aendako, hupigana kando yake, na hubeba kila kitu ambacho shujaa ameelemewa nacho: ngozi, vyuma, ngao za maadui. Wanasemina walikuwa wakimwita “mwenzi wa safari”. Mwanafunzi mmoja, mzaliwa wa Kabambare, alikataa. Alisema kwao mtu wa namna hiyo ana jina lake, naye ni mpagazi. Na mpagazi aliyetolewa zawadi hawezi kuitwa mwenzi. Wenzake walicheka. Sisi hatukucheka, na tangu siku ile tumekuwa tukijiuliza kama hakuwa amekiona kitu ambacho uhakiki wa michezo hii umekipita mbio.

Ikumbukwe Kabambare ni mahali gani. Mji huo ulikuwa kituo kikubwa katika njia ya misafara iliyotoka Ziwa Tanganyika kwenda Kasongo na Nyangwe, kwenye mto Lualaba. Livingstone alikaa huko kwa miezi mingi kati ya mwaka 1869 na 1871, miguu ikiwa na vidonda, akiutaja kwa jina la Bambarre. Kiswahili cha Maniema kilikuja kwa njia hiyohiyo, pamoja na bunduki, vitambaa na minyororo, na leo ni lugha ambayo watu wa Kabambare hununulia, huombea na huchekea. Kwa mtu wa huko habari za msafara, za mali inayokusanywa njiani na za watu wanaotolewa kama mali hazikutoka katika njozi. Ni habari za nyumbani. Kwa sababu hiyo tunadai kwamba njia nzuri ya kuisoma michezo ya uhusika, kwa msomaji wa Kiswahili, inapita Kasongo.

Maandishi tutakayoanza nayo ni *Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi*, yaani Tippu Tip, yaliyotolewa na Brode katika jarida la Kijerumani mwaka 1902 na 1903 na kutolewa tena na Whiteley mwishoni mwa miaka ya 1950. Wengi huyasoma kama chanzo cha historia. Wachache huyasoma kama kazi ya nathari, ingawa ni miongoni mwa kazi ndefu za mwanzo za nathari ya Kiswahili. Tukiyatazama kwa jicho la fani, msuko wake unafanana mno na wa mchezo wa uhusika: kijana anaondoka pwani na mtaji mdogo wa mkopo, anapigana na mtawala mmoja, anateka pembe, anapigana na mwingine, anateka nyingi zaidi, wafuasi wanaongezeka, jina linakua, nchi zinafunguka moja baada ya nyingine. Hatuelezwi sana anachokifikiri shujaa moyoni. Tunaelezwa amepata frasila ngapi.

Katika masimulizi hayo wanawake wapo, lakini wanapita kama vivuli ukutani. Mama yake msimulizi ni binti wa Habib bin Bushir. Mkewe wa pwani ni binti wa Salum bin Abdallah, naye anakumbukwa pamoja na mali yake. Karunde, mke wa baba yake huko Unyanyembe, ni binti wa Fundikira, na ndoa hiyo ndiyo inayompa baba nafasi katika nchi. Kila mmoja anatajwa pale anapoufungua mlango fulani, kisha msimulizi anaendelea na safari. Mtu anaweza kusema kwamba hiyo ni adabu ya Waarabu na Waswahili wa karne ile, ambayo haikuruhusu wake za watu kuanikwa katika maandishi. Hoja hiyo ina uzito, wala hatuipuuzi. Lakini adabu haiwezi kulieleza tukio la Utetera.

Tukio lenyewe ni la mwanzoni mwa miaka ya 1870. Tippu Tip anakaribia nchi ya Utetera, inayotawaliwa na mzee Kasongo Rushie. Njiani anapata habari kwamba zamani mtawala wa Urua aliwateka dada wawili wa mzee huyo, na kwamba mzee hajaacha kuwalilia. Mmoja anaitwa Daramumba. Tippu Tip anaposikia hayo anatunga nasaba: babu yake, Habib bin Bushir, alifika Urua akamnunua mwanamke mateka, akamfanya suria, naye ndiye aliyemzaa mama yake, mwanamke huyo alikuwa akisema siku zote kwamba kwao ni mtu mkubwa na kaka yake ni mtawala. Basi yeye Tippu Tip ni mjukuu aliyerudi nyumbani. Mzee anaamini, au anachagua kuamini, na anamkabidhi mjukuu utawala wa nchi pamoja na pembe zake. Msimulizi haoni haya kutuonyesha kwamba habari alizisikia kabla ya kuzidai, na ndiyo maana wasomaji wengi wameiona nasaba hiyo kuwa hila.

Huu ni uhusika uliovaliwa. Mfanyabiashara wa pwani amevaa uhusika wa mjukuu, na vazi lenyewe limeshonwa kwa mwili wa mwanamke asiyekuwepo. Daramumba ndiye nguzo ya tukio zima. Bila yeye hakuna utawala wala pembe. Hata hivyo hana sura, hana umri, hana neno hata moja lililo lake, kwa maana hata yale maneno ya kwamba kwao ni mtu mkubwa yametiwa kinywani mwake na mtu anayehitaji yasemwe. Alitekwa mara ya kwanza na watu wa Urua. Katika masimulizi anatekwa mara ya pili, na safari hii kinachotekwa ni jina lake.

Tukitoka hapo tukarudi kwenye michezo ya video, tunaona kwamba Daramumba amezagaa kote. Jambo linalosemwa mara nyingi kuhusu michezo hii ni mavazi: kwamba shujaa wa kiume huvaa chuma toka utosini hadi unyayoni, na mwenzake wa kike huvikwa vipande viwili vya chuma vinavyoacha tumbo na mapaja wazi, kana kwamba panga huogopa ngozi ya mwanamke. Lawama hiyo ni ya haki, na aibu yake ni ya wachoraji. Lakini tukiishia hapo tutakuwa tumefanya kama yule anayekemea kanga bila kusoma maandishi yake. Kadhalika zipo kanuni zilizowahi kuandikwa waziwazi: katika toleo la mwaka 1978 la kitabu cha mchezaji cha *Dungeons & Dragons*, mchezo wa mezani uliotoka mara ya kwanza mwaka 1974 na ambao michezo mingi ya kompyuta imeufuata, mwanamke wa kibinadamu aliwekewa kikomo cha nguvu kilicho chini ya kile cha mwanamume. Nchi ile ina majoka yanayosema na wafu wanaotembea, ila mwanamke mwenye nguvu sawa na mwanamume akaonekana ni uongo usioaminika. Toleo la mwaka 1989 liliondoa kikomo hicho.

Kuondolewa kwa kikomo na kuongezwa kwa nguo hakukuligusa suala la dhima. Katika *The Witcher*, mchezo wa Kipolandi wa mwaka 2007, mchezaji aliyelala na mwanamke alipewa kadi yenye picha yake, akaiweka pamoja na nyingine, kama frasila. Hapa hatuna la kuongeza. Kisa kigumu zaidi ni cha Aerith, muuza maua wa *Final Fantasy VII* (1997), mchezo wa Kijapani. Aerith si picha tupu. Anasema, anatania, anaamua mwenyewe kwenda mahali pa hatari ili kuiombea dunia, na anauawa katika maombi hayo. Wachezaji wengi wanakiri kwamba walilia. Sisi tunauheshimu mguso huo, lakini tunaona kwamba kuanzia kifo chake kitu kinachofuatiliwa ni jeraha la shujaa wa kiume. Maombi yake ndiyo yanayokuja kuokoa dunia, nayo yanafanya kazi baada ya mwenyewe kunyamaza. Huyo naye ni bibi aliyekwenda zake, akaacha ufunguo.

Je, mchezo uliobuniwa na Waafrika wenyewe? *Aurion*, uliotolewa mwaka 2016 na kampuni ya Kiro’o Games ya Yaoundé, Kamerun, unatufaa sana. Mwanamfalme Enzo Kori-Odan anapinduliwa siku ya kutawazwa na ya ndoa yake, na anayempindua ni shemeji yake. Mkewe, Erine Evou, anakwenda naye uhamishoni na kumsaidia katika mapigano. Tuliusifu mchezo huu, na bado tunausifu, kwa kuwa Erine ana akili na heshima, wala hakuvuliwa nguo ili apendeze. Lakini tutazame anaposimama. Yeye ni dada wa mnyang’anyi na mke wa mnyang’anywa. Ugomvi wote wa kiti unapita katikati ya mwili wake, na ni yeye peke yake ambaye hajaulizwa kama anakitaka. Mapigano yanapoanza, mkono wa mchezaji uko kwa Enzo, naye Erine huongeza nguvu pembeni. Mwanamke wa Kiafrika amefika kwenye skrini akiwa na hadhi, na amefika kama dada wa mtawala.

Na *Skyrim*? Watetezi wake watasema, na haki inatudai tuyataje, kwamba mchezaji anaruhusiwa kuchagua shujaa wa kike tangu mwanzo; kwamba wako watawala wa kike; na kwamba katika miji mingine askari anayetolewa na mtawala ni mwanamume, akabeba mizigo vilevile. Yote ni kweli. Ila uchaguzi wa jinsia hapo ni uchaguzi wa kinyago tu: safari ni ileile, na Lydia anatolewa vilevile hata kama anayempokea ni mwanamke. Hapa ndipo neno la mwanafunzi wetu lilipotufungua macho. Sisi tulikuwa tukitafuta tofauti kati ya mwanamume na mwanamke. Yeye aliona tofauti kati ya mwenye msafara na mzigo. Mchezo unaompa mwanamke nafasi ya kuwa Tippu Tip bado ni mchezo wa Tippu Tip.

Pengine msomaji atasema tunadai lisilowezekana, kwa kuwa masimulizi ya ushujaa ndivyo yalivyo. Hatukubaliani naye. Utendi wa Fumo Liyongo, katika maandishi ya Muhammad Kijumwa, unamwonyesha shujaa aliyefungwa gerezani akiokolewa kwa msaada wa mama yake na kijakazi Saada: tupa inafichwa ndani ya mkate wa wishwa, ambao walinzi hawautamani. Wokovu wake unapita mikononi mwa wanawake, ijapokuwa Saada naye anabaki kijakazi. Na karibu zaidi na Maniema tunao ushahidi mzito kuliko huo.

Kaskazini ya Maniema, upande wa Walikale, wanaishi Wanyanga, majirani wa Walega. Mwaka 1956 Biebuyck aliandika kutoka kinywani mwa mtambaji Shekarisi Rureke utendi wa Mwindo, ambao yeye na Kahombo Mateene waliuchapisha mwaka 1969. Utendi huo unaanza kwa amri juu ya matumbo ya wanawake: mtawala Shemwindo anawaagiza wake zake saba wazae wasichana tu, kwa kuwa wasichana huleta mahari. Yaani mwanamke anaingia katika hadithi akiwa mali, kama ilivyo Utetera. Mwindo anazaliwa wa kiume, baba anajaribu kumwua mara kadhaa, na mwishowe anamfungia ndani ya ngoma na kumtupa mtoni. Ngoma inakwenda hadi kwa shangazi yake Iyangura, dada wa Shemwindo, aliyeolewa na joka la majini, Mukiti.

Iyangura ni dada wa mtawala, sawa na Daramumba. Ameondoka kwao akaishi kwa mtawala mwingine, sawa na Daramumba. Angeweza kabisa kuwa ufunguo: kijana anamtaja, mlango unafunguka, safari inaendelea. Mtambaji hakufanya hivyo. Iyangura anamwonya kijana juu ya hatari, anamwombea msamaha adui aliyeshindwa, na anaondoka naye kwenda Tubondo kupigana na kaka yake mwenyewe. Shemwindo anapokimbilia kuzimu kwa Muisa, Mwindo anamfuata peke yake, lakini anamwachia shangazi ncha ya kamba. Kamba ikitikisika, yu hai. Ikitulia, amekufa. Katika sehemu yote ile ya kuzimu, yenye mitego na mapigano, msikilizaji anajua kwamba juu ya ardhi kuna mwanamke ameshika kamba mkononi, na maana ya mapigano yale inapimwa katika kiganja chake. Hatujauona mchezo wa video uliofikiri hivyo.

Huko kuzimu nako yuko Kahindo, binti wa Muisa, mwenye vidonda mwili mzima. Kwa ada ya michezo tuliyoitaja, binti wa bwana wa kuzimu angekuwa mrembo na angekuwa tuzo. Huyu ni mgonjwa. Mwindo anamwosha vidonda, naye anamfundisha mitego ya baba yake: usikae hapo, usinywe hicho. Ni mapatano kati ya watu wawili wenye kitu cha kupeana. Mwindo anarudi juu na baba yake, si na binti.

Na mwisho, utawala unapopangwa, Iyangura anakaa pamoja na kaka yake na mpwa wake mbele ya watu, naye anasema. Anamwambia kaka yake hadharani kosa lake. Tusidanganyike kwamba utendi huu ni wa usawa; kiti kinabaki cha wanaume, na wake saba wa Shemwindo wanasahauliwa upesi. Lakini mtambaji wa msituni, ambaye hakuwahi kuisikia istilahi yetu hata moja, alijua tofauti kati ya mwanamke anayefungua mlango na mwanamke anayeingia.

Tunaweza kuongeza taswira moja isiyotoka katika utendi wala mchezo. Livingstone alipotoka Kabambare akafika Nyangwe, mwezi Machi 1871, kilichomvuta ni soko. Siku ya soko wanawake walikuja kwa mamia, wengine wakivuka Lualaba kwa mitumbwi, na samaki, vyungu, mihogo na chumvi, wakibishana bei kwa kicheko na ukali. Huko ndiko wanawake wa Maniema walikokuwa wahusika wa maana kamili ya neno: kila mmoja na mzigo wake mwenyewe kichwani, bei yake na ulimi wake. Tarehe 15 Julai mwaka ule watu wa msafara wa Dugumbe walilifyatulia risasi soko hilo, na mamia ya watu walikufa, wengi wao wanawake, wengine kwa kuzama mtoni. Katika michezo ya uhusika kila mji una soko. Mchezaji huingia, huuza ngozi, hununua dawa, hutoka. Mwuzaji huwa yuko palepale usiku na mchana, hajui kubishana, wala hatoki upande wowote wa mto.

Mwaka 2024 mchezo wa *Tales of Kenzera: Zau*, wa Abubakar Salim, Mwingereza mwenye asili ya Kenya, ulitolewa ukiwa na sauti za Kiswahili mwanzo hadi mwisho. Si mchezo wa uhusika kwa maana tuliyoitumia, na kiini chake ni huzuni ya mwana kwa baba, kwa hiyo hatutaudai kisichokuwa chake. Tunautaja kwa sababu umeondoa kisingizio kimoja, cha kwamba lugha hii haiwezi kubeba kazi ya namna hiyo. Watakaofuata watahitaji wahusika, na watakwenda kuwatafuta ama Utetera ama Tubondo.

Mwanafunzi wetu wa Kabambare alijaribu. Kwa kazi yake ya mwisho wa muhula alileta mpango wa mchezo ambamo mchezaji ni Daramumba mwenyewe, kuanzia siku anapotekwa. Kurasa za mwanzo zilikuwa nzuri: njia ya kwenda Urua, dada wawili wanaotenganishwa, lugha mpya anayolazimika kuijifunza ili asiuzwe mbali zaidi. Kisha akakwama. Alitaka Daramumba awepo siku ile mgeni wa pwani anapoingia kwa mzee Kasongo Rushie na kujiita mjukuu, asimame na kusema kama anamjua au hamjui. Lakini masimulizi hayasemi aliishia wapi, wala kama alizaa. Kurasa tatu za mwisho aliziacha wazi, akaandika juu yake kwa kalamu ya risasi kwamba ataenda kuwauliza wazee.